Kata ya Wakwe, Kikopo cha Kazini

Ujumbe ulinikuta sokoni Ngara siku ya Ijumaa, nikichagua nyanya. Ulisema nimechaguliwa kupimwa pombe na dawa za kulevya, niripoti kituoni Jumatatu asubuhi kabla ya kupanda mnara. Sikuwa nimevuta kitu wala kunywa kitu, lakini nyanya zilinitoka mkononi zikabingirika mpaka kwenye dagaa wa jirani. Muuzaji akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamjibu afadhali ningefiwa, maana mfiwa hupewa pole. Nilijuta papo hapo, kwa sababu kesho yake nyumbani tulikuwa na shughuli ya heri, na mdomo wangu umeshaniponza mara nyingi.

Mimi ni fundi wa minara ya simu. Kampuni yetu haina mtandao wake. Inatunza minara ya wenye mitandao, na mimi nimepewa ile ya kuanzia Kabanga mpakani, kupita Benaco, hadi vijiji vya Biharamulo. Nina mvi na magoti yanayolalamika, lakini nikishafunga mkanda wa kupandia siangalii chini. Watu huniuliza kama siogopi kuanguka. Kuanguka nakujua, nimefundishwa namna ya kujikinga. Ninachokiogopa ni kikopo.

Hiyo sera ya upimaji ilikuja pamoja na wabia wapya kutoka nje. Tuliitwa semina Mwanza, tukapewa chai na sambusa, na afisa utumishi akatueleza kwamba kuanzia sasa kila mtu atapimwa: sisi wapanda minara, madereva, hata wale vijana wa Dar es Salaam wanaoandika programu, ambao hawajawahi kupanda kitu kirefu kuliko kigoda. Akasema majina yatachaguliwa na kompyuta kwa sababu kompyuta haina upendeleo. Nikamwambia haina huruma pia. Ukumbi ukacheka, naye akacheka, akaendelea na ukurasa unaofuata.

Kipimo chenyewe sikipingi. Nimeona mtu amepanda mnara na bangi kichwani, akasahau kufunga ndoano, na mimi ndiye niliyempandia kumshusha. Shida yangu ni kwamba kipimo hakiulizi. Kijana mmoja wa programu alikunywa dawa ya kikohozi, ikaonekana kwenye mkojo wake, na alipofanikiwa kupata cheti cha daktari kiti chake kilikuwa kimeshapata mwingine. Tangu nisikie habari hiyo nikawa mtu wa ajabu. Kichwa kikiniuma nakiacha kiume. Nikiingia duka la dawa namhoji muuzaji mpaka ananiuliza kama nimetumwa na serikali. Hata maharage ya wali wa msibani nilikuwa nayanusa kwanza.

Tena kuna lile la kukojoa. Mama anayekuja na vikopo husimama nje ya choo, mlango ukiwa wazi kidogo, asikilize. Mimi nimezaa, nimefiwa na mume, nimelala porini Biharamulo gari likiwa limekwama kwenye tope, lakini mtu akisikiliza namna hiyo mwili wangu unagoma kabisa. Kisha mji mdogo nao una masikio. Ukionekana umetoka na kikopo, jioni nusu ya mtaa inasema una mimba na nusu nyingine inasema unavuta bangi.

Sasa ile shughuli ya Jumamosi. Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa anatolewa posa. Nilimlea tangu baba yake afariki, na kwetu shangazi ndiye huonja kinywaji cha wakwe. Kinamiminwa kwenye kata ya kibuyu, mbele ya macho yao, na shangazi hunywa kata nzima mpaka tone la mwisho, kisha kata ileile hujazwa na kupelekwa kwa mkubwa wa wageni. Maana yake kila mtu anaijua: nyumba hii haina sumu, na binti tunayewapa hatumtoi kwa kinyongo. Shangazi asiponywa, wageni hawanywi. Na wageni wasipokunywa, wanachukua viatu vyao wanaondoka.

Kwa kawaida kinywaji hicho ni rubisi, pombe ya ndizi. Mtu asiyejua angedhani ndiyo iliyonitisha. La. Wakwe wetu walikuwa Wasukuma wa Nyamahanga, watu wa ng'ombe na mahindi, tena walokole. Walikuwa wamemtuma mshenga mapema aseme wasiwekewe pombe, wao watakunywa maji ya ndizi matupu, yale matamu yanayokamuliwa kwa nyasi kabla ya kuchachushwa. Nilipokumbuka hilo pale sokoni, nimesimama mbele ya nyanya zangu, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kipimo cha mkojo kinaona pombe uliyokunywa hata juzi yake, na sheria yetu inasema aliye zamu ya kupanda asiwe na hata alama. Sasa nilikuwa nimepewa wakwe ambao hata harufu yake hawaitaki.

Nikafika nyumbani Jumamosi asubuhi nikamkuta mama yangu amekwishaandaa kila kitu. Kibuyu kikubwa cha marehemu baba kilikuwa pembeni ya mafiga, kimefunikwa jani la mgomba.

"Shikamoo, mama. Maji ya ndizi ni ya lini?"

"Marahaba. Ya arhamisi. Mtama sikutia hata punje. Usiniangarie hivyo, mimi si mtoto."

Kwetu rubisi huchachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Mama hakutia mtama, kwa hiyo kwa hesabu zake hiyo haikuwa pombe, na mimi kwa hofu zangu za Jumatatu sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa nawaza kikopo. Sikuwaza kibuyu. Kibuyu cha baba hakijawahi kuoshwa kwa sabuni tangu nizaliwe, kwa sababu machicha yanayoganda ndani yake ndiyo yanayoamsha pombe mpya, na kila mke katika ukoo wetu hufundishwa asiyaguse. Kumpa mkwe kinywaji kutoka kwenye dumu la plastiki ni kumwambia hana maana, basi mama akatumia chombo cha heshima. Akakiweka karibu na moto ili kisipoe.

Wageni wakaja mchana, wanaume kwa wanawake, wamevaa vizuri. Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa wa kijana aliyeposa, mtu mrefu mkavu, mzee wa kanisa lao. Yeye ndiye aliyemlea kijana kama mimi nilivyomlea binti. Tukasalimiana, tukaombewa, maneno ya kuvutana yakasemwa yakaisha. Kisha nikaitwa. Nikapiga magoti kwenye mkeka, mama akanimiminia kata mpaka juu.

Funda la kwanza liliniwasha ulimi.

Halikuwa limechachuka kidogo tu. Ilikuwa pombe kamili, yenye povu jembamba na ule ukali unaopanda puani, na mimi mtoto wa Ngara siwezi kudanganywa na ndizi. Nikabaki na kinywaji mdomoni. Mbele yangu wageni wote walikuwa wananitazama koo, kwa sababu ndilo linalotazamwa. Pembeni niliona uso wa mama yangu, umejaa fahari. Nyuma ya pazia nilijua binti amesimama anasikiliza.

Nikitema, nimesema sumu. Hakuna maelezo yatakayofuata. Huwezi kutema kinywaji cha nyumba yako mbele ya wakwe halafu uanze kueleza habari za machicha, watakuwa wameshasimama. Nikimeza, Jumatatu inanisubiri. Niliiona Jumatatu, naapa, niliuona ule mlango wa choo ulio wazi kidogo.

Nikameza. Na kwa kuwa kata lazima iishe, nikanywa yote.

Kata ikajazwa tena ikapelekwa kwa yule mzee. Sasa nikapata hofu nyingine juu ya ile ya kwanza, kwamba ataiweka chini na kusema tumemdhihaki yeye na Mungu wake. Akanywa funda moja. Akaniangalia mimi, si mama, si kibuyu, mimi. Kisha akainua kata akaimaliza, akajifuta mdomo kwa leso nyeupe.

"Maji yenu matamu," akasema. "Kalibuni wengine mnywe."

Wakanywa wote. Kufikia jioni walokole wa Nyamahanga walikuwa wanaimba mapambio kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia hata kwenye mkesha, na mmoja wa akina mama alimkumbatia mama yangu akamwita dada. Shughuli ilifana. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakunywa maji, vikombe kwa vikombe, nikidhani nitajiosha.

Jumatatu nilipuliza kwenye kifaa na hakikusema kitu. Kikopo kikapakiwa na kupelekwa Mwanza. Ndipo mateso yalipoanza. Kazi yetu ni ya simu, kwa hiyo huwezi kuikimbia simu. Tena ukiwa karibu na Kabanga, simu hurukia mtandao wa Burundi bila kukuomba ruhusa, ujumbe unachelewa, halafu ukirudi upande huu unakuja wote kwa mkupuo. Nilikuwa nikiona skrini inawaka naikabidhi kwa dereva anisomee. Yeye alidhani macho yangu yameharibika, akanishauri ninunue miwani.

Majibu yalikuja nikiwa Benaco. Mkojo ulikuwa na alama za pombe. Nirudishe funguo za minara, nisiingie ndani ya uzio wowote wa kampuni, nisubiri kikao. Nilimkabidhi dereva funguo pale barabarani, malori ya Rwanda yakitupita, na nilipompa mkanda wangu wa kupandia nililia mbele yake bila kujificha.

Mkubwa wangu wa Mwanza si mtu mbaya. Alinipigia mwenyewe.

"Ulijua ni pombe?"

"Nilijua baada ya funda la kwanza."

"Sasa kwa nini hukutema?"

Nikamweleza. Yeye ni mtu wa mjini, na nilisikia kabisa anavyojitahidi kuniamini akashindwa.

"Dada, nikiwapelekea wakubwa habari ya kwamba ungetema ungeharibu ndoa, watacheka. Niletee mtu aliyekuwepo. Mtu wa upande wa wageni, aseme alichokunywa na angefanya nini kama ungetema. Ndugu zako hawatasikilizwa."

Yule wa upande wa wageni alikuwa mmoja tu ambaye neno lake lilikuwa na uzito. Na neno lenyewe lilikuwa hili: kwamba yeye, mzee wa kanisa, alikunywa pombe akijua, na akawakaribisha kondoo wake nao wanywe.

Nilipowaambia nyumbani kwamba nakwenda Nyamahanga, binti alinishika mkono. "Shangazi, nakuomba. Wakiaibika kwa ajili yetu, mimi ndiye nitakayeishi nao." Mama alikuwa anakisugua kile kibuyu kwa mchanga na maji ya moto, na hata alipomaliza akaanza tena. Sikuwahi kuona uso wake umezeeka hivyo. Nilikasirika nikawapandishia wote sauti, nikasema basi na niachishwe kazi, tule heshima. Kisha nikapanda basi nikaenda, kwa sababu heshima hailiwi, na sote tulijua nani anaiendesha ile nyumba.

Njia nzima nilikuwa najibizana na nafsi yangu. Nilipofika Biharamulo niliamua kurudi. Nilipanda bodaboda ya kwenda Nyamahanga bado nikiwa nimeamua kurudi.

Nilimkuta yule mzee shambani anapukuchua mahindi, peke yake, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mkwe. Umekuja na balua au umekuja na shida?"

"Shida."

Nikamweleza yote, kuanzia ujumbe mpaka kikopo. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipofika kwenye ombi akamalizia yeye.

"Unataka niseme ilikuwa pombe."

"Nataka useme ukweli, lakini usiposema sitakulaumu."

Akaweka gunzi chini. "Nilijua tangu inapita kwenye meno. Mimi kabla ya kuokoka nilikuwa mnywaji, mkwe, si wa mchezo. Nikakuangalia. Nikasema, huyu mama naye amejua, na amemeza. Amemeza kwa ajili ya mtoto. Sasa mimi niteme?" Akatikisa kichwa. "Kikao ni lini?"

Kikao kilikuwa kesho yake, kwa njia ya video. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nyamahanga mtandao wa kubeba video unapatikana mahali pamoja tu, chini ya mnara, na ule mnara ni wangu, najua hata kona ambayo sauti haikatiki. Ndani ya uzio kuna kibanda cha mitambo ambamo tungekaa wawili tukafunga mlango. Lakini nilikuwa nimekatazwa kuingia ndani ya uzio. Tukabaki nje, kwenye benchi la mashine ya kusaga, watu wakisubiri unga wao, na nusu yao walikuwa wa kanisa lake. Tena kikao kilitaka kutusikia wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi simu iwe kwenye spika.

Nilimnong'oneza kwamba tuahirishe. Nilimwambia nitaomba siku nyingine, tutakwenda Biharamulo, tutakodi chumba. Akaichukua simu akaishika yeye.

Nyuso zao zikatokea: mkubwa wangu, afisa utumishi na daktari. Mwenye mashine alikuwa amemaliza debe la mtu, akazima injini ili apime jingine, na ukimya ulioshuka pale sijui nani aliuomba. Daktari akauliza kile kinywaji kilikuwa nini.

"Pombe," akasema mzee. "Pombe ya ndizi. Mimi ni mzee wa kanisa na niliinywa nikijua."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Yesu wangu!" Afisa utumishi akauliza, kama nyinyi hamnywi na mlijua, mlikunywa kwa nini?

"Kwa sababu mama huyu alikunywa kwanza. Angetema, ningewasimamisha watu wangu, tungeondoka, na yule mtoto asingeolewa kwetu wala kwingine, maana habali ingetangulia. Amemeza, nami nikameza. Mkimfukuza kwa hilo, mnamfukuza kwa kutunza mtoto."

Mwenye mashine hakuwasha injini. Watu walimwangalia mzee wao, wengine wakaangalia chini. Yeye alinirudishia simu yangu, akachukua kofia yake, akaenda zake nyumbani kwa miguu, na waliozoea kumsalimia kwa mikono miwili hawakujua wafanye nini na mikono yao.

Kazi nilirudishiwa, pamoja na onyo. Mkubwa wangu alinipigia akiwa na furaha, akasema kuna kitu wanataka kukiongeza kwenye sera kuhusu mila. Nilimshukuru. Nilirudishiwa na mkanda wangu, nikapanda mnara wa Kabanga siku hiyohiyo, na nilipofika juu niliangalia chini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kanisa lake lilimtenga. Aliondolewa kwenye uzee wa kanisa, akazuiwa meza ya Bwana, na alitakiwa kukaa kiti cha nyuma mpaka watakapoona ametubu. Kilichowaudhi zaidi, niliambiwa, ni kwamba kila walipomuuliza kama anajuta, alijibu kwamba anajutia pombe lakini hajutii kuinywa. Hawakujua waandike nini kwenye kitabu cha kanisa.

Arusi ilifungwa katika kanisa hilohilo. Nilipoingia nikamwona kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, mahali wanapokaa wenye watoto wanaolia. Mtoto aliyemlea anaoa, na baraka za upande wa bwana arusi alipewa mtu mwingine azitoe. Sikufikiri. Nikaketi pembeni yake na pochi yangu nikaiweka chini. Mhudumu akaja kuniambia shangazi wa bibi arusi kiti chake kiko mbele. Nikamjibu kwa ukali kwamba nimeshakaa.

Mzee hakugeuka. "Nenda mbele, mkwe," akasema polepole.

"Siendi."

"Nenda. Ukikaa huku na mimi, nitakuwa nimesema bule."

Nikaenda. Nilikaa kiti cha mbele ibada nzima, mikono mapajani, na sikuthubutu kugeuza shingo.